Kutengeneza itifaki ya maandishi ya gemu ya watu wengi: tuchukue kadi kama mfano

Kama umekulia Nairobi, kadi sina haja ya kukufundisha. Mbili unaokotesha jirani mbili, tatu unamwokotesha tatu, jokeri tano, J inaruka mtu, K inageuza mzunguko, nane na Q ni maswali na lazima uyajibu, A unaitisha aina unayotaka, na ukikaribia kumaliza unasema "niko kadi" la sivyo unaokota. Kila ploti iko na sheria zake kidogo lakini mifupa ni hiyo. Kwetu Umoja tulikuwa tunacheza kwenye ngazi kila stima ikipotea, na siku hizi ile timu imetawanyika, mmoja Rongai, mmoja Githurai, mwingine Kitengela, ndio nikaamua nitengeneze gemu yetu tucheze kwa simu. Kuchora kadi kulinichukua wikendi moja. Kilichonichukua miezi ni vile simu na seva zitaongea, na hiyo ndio nataka tuongelee, manake watu wengi wanaanza na picha na vifungo halafu hii sehemu ya mazungumzo wanaibandika baadaye, na ndiyo inawasumbua hadi mwisho.

Sheria za hayo mazungumzo ndizo zinaitwa itifaki, na tunayounda ni ya maandishi matupu, yaani mistari ambayo mtu anaweza kuisoma na hata kuitype mwenyewe bila gemu yenyewe. Watu wamefanya hivi miaka mingi. Barua pepe inatembea kwa SMTP tangu 1982 kwa mistari ya aina hiyo, IRC, ile ya gumzo, itifaki yake iliandikwa rasmi mwezi wa tano 1993 kwenye RFC 1459 (RFC ni hati za kueleza itifaki za intaneti), na kabla yao kulikuwa na MUD, gemu ya watu wengi iliyoanzishwa 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambayo yote ilikuwa maandishi tu.

Kuna mtu atakuambia maandishi ni mazito, tumia baineri, yaani baiti zilizobanwa ambazo mtu hawezi kuzisoma, ili uhurumie bando ya watu. Piga hesabu kwanza. Mstari kama `7 CHEZA 8k 5k` ni baiti 14 ukihesabu na mwisho wa mstari. Ukiupeleka kwa TCP, ile njia ya kawaida ya intaneti ya kubeba data kwa mpangilio, vichwa vya IP na TCP (maelezo ya anwani yanayotangulia kila pakiti) peke yake ni angalau baiti 40, uandike chochote ndani. Hata ukiubana ule mstari hadi baiti 4, umeokoa baiti 10 kati ya 54, na umepoteza uwezo wa kusoma kinachoendelea kwa macho yako. Gemu nzima ya watu wanne yenye zamu 80 ni makumi ya kilobaiti tu kwa kila simu, ukiacha zile salamu za mwanzo za TLS, ule usimbaji wa kuficha mazungumzo. Kama unatengeneza gemu ya kupigana risasi, ambapo seva inatuma hali ya dunia mara nyingi kila sekunde, hapo tafuta UDP (inayotuma bila kuhakikisha kila kitu kimefika) na baineri na huu mwongozo hautakufaa sana. Lakini kadi, drafti, bao, chess, gemu yoyote ya zamu, maandishi juu ya TCP yanatosha na yanabaki.

Anza na meza, usianze na kompyuta

Chukua karatasi. Chezeni gemu moja kabisa na marafiki wawili, kadi za kawaida mkononi, na mtu wa tatu asiyecheza awe ndiye seva: yeye ndiye anashika kadi zote, anagawa, anasema ni zamu ya nani, na hakuna mchezaji anaruhusiwa kuangalia au kugusa kitu bila kumwambia kwanza. Kila kinachosemwa kiandikwe. Utashangaa vile maneno ni machache. Mchezaji anasema: naingia, nacheza hizi, naokota, niko kadi. Seva inasema: sawa, hapana, fulani amecheza hii, fulani ameokota mbili, zamu yako, fulani ameshinda. Hiyo karatasi ndiyo itifaki yako, sasa kazi imebaki ni kuinyoosha.

Mimi maneno nimeyaweka kwa Kiswahili moja kwa moja, INGIA, CHEZA, OKOTA, ZAMU, KOSA, manake sioni kwa nini gemu ya kadi ya Nairobi iongee lugha ingine ndani ya tumbo lake, na binamu yangu ambaye ndio anaanza kujifunza programu aliweza kusoma logi (rekodi ya mistari yote) siku ya kwanza bila kuniuliza kitu.

Kadi zenyewe zinahitaji jina fupi. Nimetumia herufi mbili, ya kwanza ni cheo na ya pili ni aina: `8k` ni nane ya kopa, `Qu` ni malkia wa uru, `As` ni ree ya shupaza, `5p` ni tano ya pau. Kumi nimeiandika `T` ndio kila kadi iwe na herufi mbili bila kubagua, na jokeri ni `X1` na `X2`. Ona kwamba K ni mfalme na k ni kopa, lakini hakuna kuchanganyikiwa juu nafasi ndiyo inasema ni nini, `Kk` ni mfalme wa kopa. Amua vitu vidogo kama hivi mapema na uviandike mahali, kwa sababu ukiviacha, simu itaandika `10k` na seva itangoja `Tk` na utakesha ukitafuta bagi ambayo haipo kwenye sheria za gemu kabisa.

Mstari mmoja ni ujumbe mmoja

Hapa ndipo karibu kila mtu anaanguka mara ya kwanza, kwa hivyo soma pole pole. TCP haibebi ujumbe. TCP inabeba baiti, kama maji kwenye paipu, na inakuahidi tu kwamba zitafika kwa mpangilio uleule. Ukituma mistari mitatu, upande wa pili unaweza kupokea yote mitatu kwa mkupuo, au mmoja na nusu halafu ule mwingine na nusu iliyobaki. Kwenye laptopu yako, seva na simu bandia zikiwa mashine moja, utaona kila mstari unafika peke yake vizuri kabisa na utaamini ndivyo ilivyo. Halafu unapeleka kwa netiwaki ya kweli na mambo yanaanza kuharibika mara moja kwa siku, bila sababu unayoweza kuiona.

Kwa hivyo weka bafa, yaani mahali pa kushikilia baiti kwa muda. Kila kinachofika kiingie kwenye bafa, na wewe utoe mstari pale tu unapoona alama ya kumaliza mstari (`\n`), hapa kwa Python:

```
bafa = b""
while True:
    kipande = soketi.recv(4096)
    if not kipande:
        break
    bafa += kipande
    while b"\n" in bafa:
        mstari, bafa = bafa.split(b"\n", 1)
        shughulikia(mstari.rstrip(b"\r"))
    if len(bafa) > 512:
        break
```

Ule `rstrip` ni kwa sababu programu zingine zinamaliza mstari kwa `\r\n` na zingine kwa `\n` pekee, wewe kubali zote mbili ukipokea, lakini ukituma chagua moja na usiibadilishe. Na ile 512 ya mwisho usiitoe. Hiyo namba nimeikopa kutoka IRC, ambayo inasema mstari usizidi herufi 512 ukihesabu na zile mbili za kumaliza. Bila kikomo, mtu mmoja akikutumia baiti milioni mia bila kuweka mwisho wa mstari, seva yako inameza tu mpaka memori iishe na kila mtu anatupwa nje ya gemu.

Kitu ingine hapo hapo: usigeuze baiti kuwa maandishi kabla mstari haujakamilika. Emoji moja kwenye UTF-8, ule mtindo wa kuandika herufi kwa baiti, mara nyingi ni baiti nne, na kipande kinaweza kukatika katikati yake. Habari njema ni kwamba ile baiti ya mwisho wa mstari haitokei kamwe ndani ya herufi nyingine ya UTF-8, kwa hivyo kukata kwa `\n` kwenye baiti ghafi ni salama kabisa.

Ombi liwe na namba, habari iwe na namba yake

Simu inaongea na seva, lakini seva nayo inaongea bila kuulizwa, manake Rongai akicheza lazima Githurai aone. Sasa simu ikipokea mstari itajuaje kama ni jibu la kile iliuliza ama ni habari ya mtu mwingine? Njia nzuri nimeiona kwa IMAP, ile ya kusoma barua pepe: kila ombi linaanza na alama ya mwulizaji, jibu linarudi na alama ileile, na habari zisizoombwa zinaanza na nyota. Mimi nikaongeza kitu kimoja, kila habari ya nyota ina namba inayopanda moja moja, na utaona kwa nini hiyo namba ni dhahabu tukifika kwa kukatika kwa netiwaki.

Mazungumzo yanakaa hivi, alama ya `>` ni simu inatuma na `<` ni seva (hizo alama hazitumwi, ni za kukusaidia kusoma):

```
< * 0 HABARI kadi 1
> 1 INGIA 1 njeri
< 1 200 SAWA tokeni=f3a9c07be2d14466
< * 1 MKONO 8k 5k 2p Ts
< * 2 JUU 7k
< * 3 ZAMU njeri 30
> 2 CHEZA 8k 5k
< 2 200 SAWA
< * 4 AMECHEZA njeri 8k 5k
< * 5 ZAMU otis 30
> 3 CHEZA 2p
< 3 410 KOSA si zamu yako
```

Soma hiyo tena ukijifanya hujui chochote kuhusu programu. Unaelewa kilichotokea? Basi iko sawa.

Ile 30 kwa ZAMU ni sekunde alizobakisha mchezaji. Tuma muda uliobaki, usitume saa ya ukutani kama "mwisho ni saa nne na dakika tatu", kwa sababu saa za simu za watu hazilingani na kuna wale wanaozisogeza makusudi kwa ajili ya gemu zingine.

Namba za makosa nimefuata mtindo wa SMTP, tarakimu tatu ambapo ya kwanza inabeba maana kubwa. Kwangu 2 ni sawa, 4 ni haiwezekani sasa hivi lakini ombi lenyewe ni halali (si zamu yako, meza imejaa), 5 ni haiwezekani kabisa (amri siijui, kadi hiyo huna). Simu inaangalia namba peke yake, maneno yanayofuata ni ya binadamu na unaweza kuyabadilisha siku yoyote bila kuvunja kitu. Ukiona programu ya simu inalinganisha maneno "si zamu yako" ili kuamua ifanye nini, ifute hiyo sehemu leo.

Kinachosemwa pamoja kikae mstari mmoja

Hili nililipata kwa uchungu. Mara ya kwanza niliweka NIKOKADI kama amri yake peke yake. Mchezaji anacheza kadi yake, halafu anabonyeza kifungo cha niko kadi, simu inatuma mistari miwili. Inaonekana sawa, hata mezani si ndivyo unafanya, unaweka kadi halafu unasema. Tukajaribu jioni moja, na mpwa wangu wa miaka kumi na moja akiwa kwa matatu Thika Road akacheza, akabonyeza niko kadi akiwa bado na wakati, lakini ule mstari wa pili ukachelewa sekunde mbili, na hapo katikati mwenzake alikuwa ashacheza. Seva ikamwambia hukusema, okota. Mtoto alilia kabisa, na alikuwa na haki, alisema! Mezani kauli yake ingesikika papo hapo, ni mimi niliikata vipande viwili nikaacha netiwaki iamue.

Sasa inakaa hivi:

```
> 12 CHEZA 6k NIKOKADI
> 9 CHEZA As ITISHA u
```

Kitendo kimoja, mstari mmoja. Ama unafika wote ama haufiki. Ile ya pili ni A ya kuitisha uru, na ni shida ileile: ungeweza kufanya seva iulize "unaitisha nini?" halafu ingoje jibu, lakini mchezaji akipotea hapo katikati, meza nzima imekwama kwenye hali ambayo si zamu ya huyu wala ya yule. Pitia karatasi yako ya mwanzo na kila mahali umeandika swali la pili ndani ya zamu moja, jaribu kulikunja liingie kwenye mstari wa kwanza. Mara nyingi linaingia.

Faida ingine ni umbali. Mwangaza ndani ya faiba unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hivyo kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya milisekunde 60 hata kama waya ungenyooka kama rula, na haujanyooka, unazunguka kupitia Mombasa na baharini. Ukiweka seva huko mbali, kila swali la ziada ndani ya zamu unalilipia safari nzima.

Seva isimwamini mtu, hata ndugu yako

Simu inatuma nia, haitumi matokeo. `CHEZA 8k` ni nia. Usiwe na amri kama "nimebakisha kadi tatu" ama "nimeshinda", manake itifaki ni ya maandishi na mtu yeyote anaweza kuitype. Seva inachanganya kadi, inagawa, inahesabu, inakagua kama kadi uliyotaja iko mkononi mwako kweli na kama inaenda na iliyo juu.

Na upande wa pili, seva isiseme kitu ambacho mchezaji hafai kujua. Otis akiokota mbili, yeye mwenyewe anapata `* 21 MKONO` na kadi zake mpya, lakini wengine wanapata `AMEOKOTA otis 2` basi, idadi tu. Nimeona gemu ambazo zinatuma mikono ya watu wote kwa kila simu halafu zinategemea skrini izifiche. Skrini haifichi kitu, mtu mwenye udadisi kidogo atasoma trafiki ya simu yake mwenyewe na atajua kadi za kila mtu. Hii inamaanisha kila mchezaji ana mfululizo wake wa habari wenye namba zake, sio mmoja wa meza nzima, na hiyo ni kazi kidogo zaidi lakini hakuna njia ya mkato.

Netiwaki itapotea, panga hivyo tangu mwanzo

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili ni hii. Mchezaji wako atatoka kwa nyumba na waifai itageuka kuwa bando, na anwani yake ya IP inabadilika na ile soketi, yaani muunganisho wake na seva, imekufa. Ataingia kwa parkingi ya chini ya jengo town. Atapigiwa simu. Stima itapotea na rauta itazima. Hakuna kati ya hayo ni bagi, ni Jumanne ya kawaida, na itifaki ambayo inachukulia kukatika kama kosa la ajabu haitaishi hapa.

Kwanza, seva itajuaje mtu amepotea? TCP haitakuambia. Simu ikikosa netiwaki ghafla haikutumi kwaheri, na kwa upande wa seva ile soketi inaonekana iko wazi tu. Keepalive ya TCP, ile ya kuuliza kama upande wa pili bado uko, kwenye Linux, hata ukiiwasha, kwa kawaida inangoja saa mbili kabla ya kuuliza. Saa mbili! Kwa hivyo weka yako. Seva ikikaa sekunde 30 bila kusikia kitu inatuma `* UKO`, simu inajibu `NIKO`, na zikipita sekunde 20 bila jibu seva inafunga soketi. Hiyo UKO haina namba kwa sababu si habari ya gemu, na hakuna haja ya kuikumbuka. Inasaidia pia kwa kuwa simu nyingi zinatumia anwani moja ya pamoja kwenye mtandao wa kampuni ya simu, na muunganisho ukinyamaza sana, kile kifaa cha katikati kinaufuta kwenye orodha yake bila kumwambia mtu. Usifanye kila sekunde mbili lakini, kila mara unaamsha redio ya simu na betri ya mtu inaisha.

Kufunga soketi si kumtoa mtu kwenye gemu. Hivi ni vitu viwili na vitenganishe kabisa kwenye programu yako: kuna muunganisho, na kuna kiti mezani. Kiti kinakaa, labda dakika tano, zamu yake ikifika na hayupo seva inamwokotea moja na kuendelea. Muunganisho unaweza kufa mara kumi.

Sasa akirudi:

```
< * 0 HABARI kadi 1
> 1 RUDI f3a9c07be2d14466 41
< 1 200 SAWA
< * 42 AMECHEZA otis 3p
< * 43 ZAMU njeri 30
```

Tokeni ile alipewa wakati wa kuingia, inathibitisha kiti ni chake. Na 41 ndiyo namba ya habari ya mwisho aliyoiona, kwa hivyo seva inampa 42 kwenda mbele na amefika walipo wengine, bila kuanza upya, bila kuuliza "hali iko aje". Seva inahitaji tu kuweka habari za mwisho za kila mchezaji, mimi naweka 200. Akiwa amepitwa na zaidi ya hapo, mpe picha nzima: mistari kadhaa inayoanza na PICHA halafu mmoja wa `PICHA-MWISHO`, kama vile IRC inatuma majina ya watu kwa mistari ya 353 halafu 366 kusema orodha imeisha. Simu ikiona ile ya mwisho ndipo inachora meza, si kabla.

Bado kuna shimo moja. Simu imetuma `17 OKOTA` na netiwaki ikakatika kabla ya jibu. Je, ombi lilifika? Simu haijui na haiwezi kujua. Ikituma tena na lilikuwa limefika, mtu ameokota mara mbili. Isipotuma na halikufika, zamu inampita. Dawa ni ile namba ya ombi: simu ikirudi inaendelea kuhesabu kutoka pale ilipoachia na inatuma tena `17 OKOTA` na namba ileile, na seva inakumbuka kwa kila kiti ombi la mwisho lililojibiwa na jibu lake. Ikiona 17 tena haifanyi kitu kwa meza, inarudisha tu jibu lilelile la zamani. RUDI yenyewe ndiyo pekee inatoka nje ya hesabu hii, inabeba 1 kila mara na haikumbukwi. Mistari kama kumi ya programu, na imenimalizia malalamiko yote ya "gemu imenionea".

Majina na maneno ya watu

Jina la ndani, lile linaloonekana kwa mistari, liwe herufi ndogo a hadi z, tarakimu na mstari wa chini, lisizidi 12. Jina la kuonyesha na emoji zake likae pembeni. Gumzo liwe la mwisho kwenye mstari, kila kitu baada ya neno SEMA ni maneno ya mtu, na nafasi zake zibaki:

```
> 14 SEMA wee usinichezee hiyo tatu
< * 37 AMESEMA njeri wee usinichezee hiyo tatu
```

Hatari iko hapa: seva ikijenga mstari kwa kubandika maneno ya mtu, na ndani ya maneno kuna alama ya mwisho wa mstari iliyoponyoka, mfano jina la kuonyesha lililoingia kupitia ukurasa wa kujisajili na sio kupitia soketi, basi huyo mtu ameweza kuandika mstari wowote anaotaka kwa simu ya mwenzake na ukaonekana umetoka kwa seva. Fanya mahali pamoja tu, ile kazi (function) moja inayotuma mistari, ikatae chochote chenye `\n`, `\r` au baiti sifuri ndani.

Vitu vya haraka haraka

Maandishi matupu haimaanishi wazi kwa kila mtu, funga yote ndani ya TLS, manake ile tokeni ni ufunguo wa kiti na watu wanacheza kwa waifai za bure. Tokeni isiandikwe kwenye logi pia. Chagua mlango (port) wowote juu ya 1023 ili seva isihitaji kuendeshwa kama mkuu wa mashine, mimi natumia 7500. Washa TCP_NODELAY, kwa sababu algorithimu ya Nagle inashikilia vipande vidogo ikingoja kuvikusanya, na mistari yetu yote ni midogo.

Toleo liko kwa HABARI, ile 1. Simu ikiona habari isiyoijua iiruke bila kulalamika, na ikiona neno la ziada mwisho wa mstari inaojua, iliruke pia. Ukiongeza kitu kiongeze mwisho, usibadilishe mpangilio wa vilivyoko. Hivyo wenye programu ya zamani, na watakuwepo kwa sababu si kila mtu anapoteza bando kwa kuapdeti, wataendelea kucheza na wenye mpya. Namba ya toleo ipandishe tu siku umevunja kitu kweli.

Jaribu kwa mkono kabla ya simu

Hapa ndio maandishi yanakulipa. Washa seva bila TLS kwenye mashine yako, fungua terminali mbili, na kwa kila moja andika `nc localhost 7500`, `nc` ni programu inayotuma unachotype moja kwa moja kwa seva. Ingia kama njeri huku, kama otis kule, na mcheze gemu nzima kwa kutype. Kama kuna mahali unalazimika kukumbuka kitu ambacho seva haijakuambia, simu pia itapata shida hapo hapo, rekebisha.

Ukimaliza kuwa mzuri, kuwa mbaya. Tuma mstari uliokatika katikati:

```
(printf '4 CHE'; sleep 3; printf 'ZA 8k\n'; sleep 1) | nc localhost 7500
```

Halafu mistari mitatu kwa mkupuo mmoja. Halafu `head -c 10000 /dev/zero | nc localhost 7500` uone kama kile kikomo cha 512 kinafanya kazi. Halafu ua terminali ya otis katikati ya zamu yake, fungua nyingine, na uandike RUDI kwa mkono. Halafu tuma `17 OKOTA` mara mbili na uhesabu kadi.

Ukishaweka TLS, `nc` haitatosha, tumia `openssl s_client -quiet -connect` ikifuatwa na anwani na mlango. Ile `-quiet` usiisahau, bila hiyo mstari ukianza na Q unakufungia muunganisho na ukianza na R unaanzisha salamu upya (kwa TLS 1.2 na za zamani). Mistari yetu inaanza na tarakimu kwa hivyo tungepona, isipokuwa NIKO ambayo inaanza na N na haina neno.

Na kila mstari unaoingia na kutoka, ila tokeni, uandike kwenye faili, na saa yake na kiti chake. Wiki iliyopita yule wa Kitengela alinipigia akisema alicheza J na bado zamu ikaenda kwa jirani yake. Nikafungua faili, nikatafuta jina lake, nikaona `CHEZA Jp`, halafu `AMECHEZA`, halafu ZAMU ya mtu wa pili, na walikuwa wawili tu mezani. J ilikuwa imemruka jirani, ikamfikia yeye mwenyewe, halafu hesabu yangu ya viti ikasonga mara moja zaidi. Kosa lilikuwa langu, na nililiona nikiwa bado naongea naye kwa simu.